Je, Mashine Itachora Kama Fundi wa Mtaa?



Vikundi vingi vimetuuliza: ikiwa simu yaweza kuchora kibao cha duka kwa dakika moja, kijana wetu wa Kayole au Dandora ajifunze brashi ya nini? Swali ni zito, maana hapo ndipo unga unapotoka. Tusilijibu kwa hasira.

Kwanza tuseme ukweli. Mashine inaweza. Mwaka 2022, huko Colorado, Marekani, picha iliyotengenezwa kwa programu ya Midjourney ilipata zawadi ya kwanza ya sanaa ya kompyuta kwenye maonyesho ya jimbo. Wachoraji wengi walilalamika. Na kweli, programu hizi zimejifunza kutokana na mamilioni ya picha za watu, wengi wao hawakuombwa ruhusa. Zimevuna shamba ambalo hazikulima.

Lakini mwaka huo huo, kikundi cha Wajukuu, kilichoanzia Mukuru mwaka 2004, kilialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya documenta. Walipeleka nini? Mabati ya kutu! Walijenga nayo njia ya kuingilia ukumbini, wageni wakapita humo, nao wakapewa tuzo ya Arnold Bode.

Ukiiambia mashine ichore mabati, itachora, tena vizuri. Lakini haijalala chini ya mabati mvua ikinyesha. Haina neno lake la kusema mpaka mtu aiambie. Katika Kutoka 31 twasoma habari za Bezaleli, fundi aliyejazwa Roho wa Mungu kwa kazi ya mikono. Kipawa hicho alipewa mtu.

Basi tufanye nini? Tunashauri mambo matatu:

1. Vijana wajifunze programu hizi, wazitumie kama chombo cha kazi.

2. Kikundi kikitaka kibao au fulana, tumtafute fundi wetu kwanza. Pesa ibaki mtaani.

3. Fundi achore anayoyajua: soko, matatu, msiba, harusi ya jirani. Akiiga tu picha za ng'ambo atashindwa, kwa sababu kuiga mashine inakuweza zaidi yake.

Katika mkutano wenu ujao, ulizaneni: nani kati yetu ana kipawa, na tumempa kazi gani mwaka huu?