UHURU NA MIZANI

(Hotuba iliyosomwa Ikola katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu cha Ushirika)



Tumeombwa kunena machache juu ya uhuru, na mahali hapa panafaa. Ziwa hili lililo mbele yetu ndilo walilovushwa mateka wa Kongo katika karne ya 19, wakipelekwa pwani kuuzwa. Udhalimu ule ulitambulikana, maana mnyororo huonekana. Sisi twataka kusema juu ya uhuru upoteao pasipo mnyororo.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliandikisha chama chao kikuu mwaka 1933, chini ya serikali ya kikoloni, na vyama vingine vikafuata. Uhuru ulipopatikana, vilikuwa nguvu kubwa nchini. Lakini Tume ya Rais ya 1966 ilipovichunguza ilikuta wizi, upendeleo wa jamaa, na wanachama wasiojua haki zao. Mwaka 1976 Serikali ikavivunja. Mazao yakanunuliwa na mamlaka za mazao, na mkulima akakosa mkutano wa kumwuliza mtu neno, hata sheria ya 1982 ilipovirudisha vyama. Kuvivunja lilikuwa kosa, nasi twalisema waziwazi. Walakini mlango ulifunguliwa kutoka ndani.

Wakubwa nao wana mtihani wao. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili, nyumba za kupangisha, na hisa katika makampuni. Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Wako wasemao kwamba mshahara ulikuwa hautoshi kulisha nyumba, wala hatuwabezi. Ila mkulima naye hakutoshelezwa na bei, na hakuna aliyemlegezea sharti.

Tusiwaseme wakubwa peke yao. Katika chama fulani tulichopata kuwamo, mizani ilikuwa ikipunja, na sote tulijua. Karani alikuwa shemeji wa mtu, tukanyamaza. Aliyenyamaza wa kwanza aliona haya. Wa kumi aliona ni desturi. Na vijana waliojiunga baadaye walidhani ndivyo kilo ilivyo.

Mizani yetu leo iko pale mlangoni pamoja na mawe yake ya kupimia, na hesabu za mwaka zimebandikwa ukutani. Mweka hazina ataketi hapo mpaka magharibi. Twawasihi, ndugu zetu, msimpite mbio kuiwahi pilau.