Ugonjwa wa Kideri: Dawa Hakuna, Kinga Ipo

(Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia)

Leo tumeombwa tuseme juu ya kuku wa kienyeji, na hasa ule ugonjwa ambao ukiingia kijijini unafagia boma baada ya boma. Wengine wanauita kideri, wengine Newcastle, na pengine nyinyi mna jina lenu la nyumbani.

Kwanza tuseme ukweli, hata kama ni mchungu. Ugonjwa huu hauna dawa. Unaletwa na virusi, na virusi haviuawi na zile dawa za unga tunazonunua dukani. Zile ni za bakteria. Kuna wanaowapa kuku maji ya pilipili, shubiri au mwarobaini. Hatuwacheki, maana mtu akiona mali yake inakufa hujaribu lolote. Lakini pesa zinakwenda, siku zinakwenda, na ugonjwa unaendelea kutembea. Ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java, na wakati huohuo karibu na mji wa Newcastle, Uingereza, ndipo ukapata jina. Tangu hapo hakuna aliyepata tiba yake.

Mtaujuaje? Kuku anakaa kimya, manyoya yamesimama, hataki kula. Anahema kwa shida na kukoroma. Anaharisha choo cha kijani au cheupe. Wengine mabawa yanalegea, miguu inapooza, shingo inapinda mpaka kichwa kinaangalia nyuma. Wengine wanakufa tu ghafla. Mahali ambapo kuku hawajachanjwa, katika kila 100 wanaweza kufa 80, na pengine wote.

Lakini si kila kifo ni kideri. Homa ya matumbo ya kuku, kipindupindu cha kuku na ule ugonjwa wa kuharisha damu pia huua, na hayo yana dawa. Tena kuna mafua ya ndege, ambayo yanafanana na kideri na yanaweza kumshika binadamu. Kwa hivyo mpaka mtaalamu apime, semeni "tunashuku". Mwiteni afisa wa mifugo wa kaunti mara moja. Yeye atawaambia kama kuku aliyekufa sasa hivi apelekwe maabara, kama ile ya serikali iliyoko Kabete, na apelekwe kwa njia gani. Msipande matatu na kuku mgonjwa kikapuni.

Haya, mkishuku, mtafanya nini siku ileile?

1. Watengeni wagonjwa, na wazima wafungiwe. Kuku wa kutangatanga ndiye anayebeba ugonjwa kwa jirani.

2. Waliokufa wachomwe, au wazikwe kwenye shimo refu, na chokaa juu kama ipo. Msiwatupe kichakani, mbwa watawaburuta. Msiwale.

3. Nawa mikono kwa sabuni, osha viatu, osha vyombo vya maji. Virusi husafiri kwa kinyesi, viatu, vikapu na hata magurudumu ya baiskeli. Usiguse macho kabla ya kunawa, maana virusi hivi vinaweza kuyafanya mekundu na kuuma.

4. Waambieni majirani siku hiyohiyo. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini atatiaje maji kama hakuambiwa?

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Wawili wakifa, wengi wetu tunafanya nini? Si tunawafunga miguu waliobaki na kukimbia sokoni kabla hawajafa? Tunaelewa. Kuku ndiye karo, ndiye paraffini, ndiye mchango wa kikundi. Lakini kuku anaweza kuonekana mzima leo na ugonjwa uko ndani, kwa maana huchukua kama siku 2 mpaka 15 kujitokeza. Yule mama anayemnunua anapeleka kifo kwa kuku wake, na yeye pia ana karo. Soko moja linaweza kuambukiza vijiji vingi. Vikundi viweke sheria: boma lenye ugonjwa haliuzi kuku, halipeleki zawadi ya kuku, na kikundi kinamsaidia mwenye boma ili asilazimike kuuza. Sheria bila msaada haitashika.

Kinga sasa. Chanjo ipo, na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI inaitengeneza hapa Kenya. Shida ni kwamba chupa moja huwa ni ya kuku 100 au zaidi, na wewe una kuku 10. Peke yako utaona ni hasara. Lakini maboma 10 yenye kuku 10 yamemaliza chupa. Hapo ndipo kazi ya kikundi. Chagueni watu wawili wafundishwe na afisa wa mifugo. Tengenezeni daftari la maboma. Chanjo ibebwe kwenye chupa ya barafu, isipigwe na jua, na ikishachanganywa itumike kwa saa zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Tone moja jichoni kwa kila kuku, kifaranga sawa na jogoo. Rudieni kila baada ya miezi 3 au 4.

Chanjeni kuku wazima tu. Chanjo haiponyi aliyeshikwa, na huchukua wiki moja mpaka mbili kupata nguvu. Msingoje Desemba, wakati kuku wa sikukuu wanasafirishwa huku na huku. Chanjeni mapema Novemba.

Na aliyekwisha kupoteza wote? Asikate tamaa, lakini asinunue wengine kesho. Aondoe kinyesi chote na matandiko, achome, asafishe kibanda kwa dawa ya kuua viini, halafu angoje angalau mwezi mmoja. Akinunua, anunue waliochanjwa.

Kabla hatujaondoka hapa leo, tunaomba kila kikundi kihesabu kuku wa wanachama wake na kutaja wale wawili watakaofundishwa. Hesabu ikishajulikana, chupa ngapi zinahitajika itajulikana, na kila mtu atajua mchango wake. Sasa tuko tayari kwa maswali.