Nani Alituletea Maradhi? Tubainishe Kwanza
(Mada iliyotolewa kwa vijana kabla ya futari)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Ama baad.

Ndugu yangu, bila shaka waikumbuka Ramadhan ya mwaka 2020. Misikiti ilifungwa, tarawehe tukaswali majumbani. Mwezi wa Mei, Mji wa Kale Mombasa na Eastleigh Nairobi zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mimi nilikuwa bado sekondari. Mtaani kwetu palikuwa na mzee mmoja mwenye duka, ndiyo kwanza amerudi safari. Watu wakasema, "Huyo ndiye aliyetuletea korona." Duka likasusiwa. Ushahidi? Hakuna, ni dhana tu. Nami, Allah anisamehe, nikimwona nilivuka upande wa pili wa barabara.

Je, yawezekana kujua maradhi yameingia vipi? Naam, kwa kiasi fulani.

Hebu kumbuka madrasa. Mwanafunzi mmoja akikosea nukta, na wenzake wakanakili kwake, kosa lile lile utalikuta katika madaftari yao wote. Ustadh akiyakagua, atajua nani wamenakili pamoja. Kirusi nacho ni hivyo hivyo. Kirusi cha korona kina maandishi yake ya urithi, yaitwayo jenomu, yenye herufi zipatazo 30,000. Kila kikizaana hujinakili, na mara nyengine hukosea. Kwa wastani yalibaki makosa kama 2 hivi kila mwezi. Wataalamu huyasoma maandishi ya kila mgonjwa kwa mashine, kisha kompyuta huyalinganisha na kuyapanga kama mti wa ukoo.

Kazi hii ilifanywa hapa hapa Pwani. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust kule Kilifi walisoma jenomu 311 za sampuli zilizochukuliwa kati ya 17 Machi na 31 Julai 2020. Walipata nini? Maradhi hayakuletwa na mtu mmoja wala hayakupita mlango mmoja. Yaliingia mara nyingi, na kwa makadirio yao mengi yalitoka Ulaya, ingawa huenda mengine yalipitia nchi jirani. Ukoo mmoja, B.1, ulikuwa asilimia 74. Koo kama A na B.4 zilionekana kwa wasafiri waliorudi na kwa waliopimwa mpakani mwa Kenya na Tanzania, wala hazikuenea sana. Kupima mapema kulisaidia.

Kisha kuna hesabu za kompyuta za kukadiria maradhi yanavyosambaa. Mwaka 2021 watafiti walitumia hesabu hizo kueleza mawimbi matatu ya korona Kenya. La kwanza lilipita zaidi kwa watu wa kipato cha chini, ambao hawangeweza kupunguza kutoka na kukutana na watu. La pili likawafikia wenye nafasi. La tatu lilitokana na aina mpya za kirusi, zenye kuambukiza kwa kasi zaidi. Kwa hivyo jamani, kibarua aliyetoka alfajiri hakuwa mjinga wala mkaidi. Angebaki ndani, watoto wangelala njaa.

Lakini elimu hii ina mipaka. Watu wawili wakiwa na kirusi chenye herufi sawa, si lazima mmoja amemwambukiza mwenziwe. Huenda yuko wa tatu kati yao ambaye hakupimwa. Nazo hesabu za kompyuta ni makadirio, si wahyi.

Sasa ikiwa mtaalamu mwenye mashine zake anaogopa kumtaja mtu mmoja, sisi tulipata wapi ujasiri huo barazani, kikombe cha kahawa mkononi? Surat Al-Hujurat imetuamrisha tuzibainishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta.

Mzee yule yupo hai, alhamdulillah. Ramadhan hii nimenuia kwenda kumwomba radhi. Na wewe ndugu yangu, mtaani kwenu, hayuko unayepaswa kumwendea?

Wabillahi tawfiq.