Chakula cha Kiwandani: Baina ya Kupetuka Mipaka na Kupuuza

(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi na walimu wa madrasa)

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake. Ama baad.



Zimeenea miongoni mwetu kauli mbili juu ya vyakula vya viwandani. Wapo wasemao kwamba maadamu pakiti ina alama ya halali, hakuna tena la kuuliza. Na wapo waliopetuka upande wa pili, wakadai kuwa kila kitokacho kiwandani ni sumu, na baadhi yao wakathubutu kutamka neno zito: haramu. Kauli ya kwanza inadhuru miili ya watoto wetu. Ya pili inawabana watu katika jambo ambalo Mola wao amewapa wasaa, na inamtwisha lawama mama ambaye pengine hana uwezo wala muda wa kupika mara tatu kwa siku.

Wanazuoni wengi wa fiqhi wameshika kanuni mashuhuri kuwa asili ya vyakula ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Basi asiye na dalili na auzuie ulimi wake. Lakini Qur'ani inapotaja chakula cha halali hukiambatanisha na sifa ya pili, nayo ni kuwa kizuri. Alama iliyo juu ya pakiti inatujibu swali la kwanza tu. La pili ni juu yetu kulitafiti.

NINI KINACHOKUSUDIWA?

Mwaka 2009 Profesa Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, nchini Brazil, alipendekeza vyakula vipangwe kwa kutazama vimesindikwa kwa kiasi gani na kwa lengo gani. Mpango huo, uitwao NOVA, una mafungu manne. La kwanza ni vyakula vilivyo karibu na asili yake: mchele, maharage, samaki, maziwa, matunda. La pili ni vitu vya kupikia, kama mafuta, chumvi na sukari. La tatu ni vyakula vilivyosindikwa kwa njia nyepesi, mfano samaki wa kopo. La nne ni vile vilivyosindikwa kupita kiasi, ambavyo huundwa kwa wanga, sukari na mafuta yaliyochujwa, kisha vikatiwa rangi, ladha za kutengenezwa na vitu vingine ambavyo havipatikani katika jiko la nyumbani. Humo zimo soda, juisi za unga, krispi za pakiti, soseji, tambi za papo hapo na biskuti nyingi.

USHAHIDI UNASEMAJE?

Mwaka 2019 Dkt. Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha jaribio muhimu. Watu 20 waliishi katika kituo chao kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na wiki mbili vyakula vya asili. Milo yote iliandaliwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zinazolingana, na kila mtu akaachiwa ale atakavyo. Walipokuwa kwenye vyakula vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka uzito kwa wastani wa kilo 0.9. Kwenye vyakula vya asili walipungua kwa kiasi kama hicho. Ilionekana pia kuwa vile vya viwandani vililiwa upesi zaidi. Jaribio hili lilikuwa dogo na la muda mfupi, lakini linatufahamisha kwa nini mtoto humaliza pakiti nzima ya krispi na bado akaomba nyingine.

Hata hivyo, insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Fungu hili la nne ni pana mno, na wanasayansi wenyewe wamekhitalifiana juu yake. Mkate wa ngano nzima wa kiwandani unaweza kuingizwa humo pamoja na soda, ilhali utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 juu ya kisukari ulizitofautisha aina hizi: vinywaji vya sukari na nyama za kusindikwa viliambatana na hatari kubwa zaidi, na mikate ya nafaka nzima na mtindi viliambatana na hatari ndogo.

Vilevile usindikaji una neema zake. Chumvi yenye madini joto imewakinga watu wengi na uvimbe wa tezi la shingo. Unga uliotiwa asidi ya foliki huwakinga watoto tumboni mwa mama zao na kasoro za uti wa mgongo. Kwa upande mwingine, andazi la nyumbani lililoelea katika mafuta, na chai ya vijiko vinne vya sukari, havikupita kiwandani, wala havisalimiki kwa sababu hiyo.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuanze na vinywaji, kwani hapo madhara yako wazi zaidi. Chupa ya mililita 350 ya soda ya kola ina takriban gramu 37 za sukari, yaani kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linaona ni bora sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Chupa moja imekwisha kuvuka mpaka huo. Maji yawe ndicho kinywaji cha kila siku.

Pili, nyama za kusindikwa, kama soseji, zisiwe mazoea. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa shirika hilo walizitia katika kundi la vitu vilivyothibiti kusababisha saratani. Kundi hilo linaeleza nguvu ya ushahidi, wala halina maana kwamba soseji moja ni sawa na sigara.

Tatu, tusome orodha iliyo nyuma ya pakiti. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, na kilicho kingi hutangulia. Sukari ikitangulia, umekwisha kujua unachonunua.

Nne, tutazame kile kilichoondolewa. Biskuti mbili baada ya mlo wa wali na kunde ni jambo jepesi. Biskuti zilizochukua nafasi ya mlo ndizo za kuogopwa. Hivyo hivyo katika futari: tende, uji, mihogo na kunde visiondoshwe mezani na jagi la juisi ya unga.

Tano, waalimu na kamati za madrasa watazame kinachouzwa langoni. Muuzaji ni ndugu yetu mwenye riziki yake, tusimfukuze. Tumshauri alete ndizi, machungwa, karanga na mahindi ya kuchemsha, na sisi tuwe wa kwanza kumnunulia.

Ndugu zetu, mwili ni amana, na mtoto ni amana juu ya amana. Tusiharamishe alichohalalisha Allah, wala tusifanye uhalali kuwa kisingizio cha uzembe. Tunamuomba Allah atujaalie afya, kanaa na wastani katika kila jambo.

Wabillahi tawfiq.