HOTUBA JUU YA UGONJWA WA MLANGO WA MOYO ULIOBANA





Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), nakishukuru Chama chetu kwa kunipa nafasi hii. Nitanena juu ya ugonjwa mmoja ambao huwaondoa wazee wetu, nasi tukasema, "Ni uzee tu."

Damu itokapo moyoni kwenda mwilini hupita katika mlango wenye vibawa vitatu laini, ndipo huingia katika mshipa mkuu uitwao aota. Kwa mtu mzima mwenye afya, mlango huo hufunguka kiasi cha sentimita 3 hadi 4 za mraba. Vibawa vikikakamaa, nafasi hupungua, nayo ikishuka chini ya sentimita 1 ya mraba, hali ni kali. Moyo husukuma kwa taabu, misuli yake hunenepa, na mwisho huchoka.

Sababu kubwa ni tatu. Ya kwanza ni umri, maana chokaa hujikusanya katika vibawa. Ya pili, wako watu wazaliwao na vibawa viwili badala ya vitatu, na hao hupatwa mapema. Ya tatu ni homa ya baridi yabisi, ifuatayo maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, ambayo huharibu mlango huu na mingine ya moyo. Hapa kwetu Uganda, uchunguzi wa watoto 818 wa Gulu wenye dalili za mwanzo kabisa za madhara hayo ulitangazwa mwaka 2021. Waliochomwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka 2, hata 1 katika 100 hakufika kuzidiwa. Wasiochomwa, walizidiwa 8 katika kila 100. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu zangu, ugonjwa huu hukaa kimya miaka mingi. Ukija kusema, husema kwa dalili tatu: kukatika pumzi, maumivu ya kifua, na kuzimia wakati wa kazi nzito. Hali ikiwa kali na dalili zimetokea, asiyetibiwa kwa kawaida hubakiwa na miaka michache tu. Basi mzee aliyekuwa akienda msikitini alfajiri bila kusimama, na sasa apumzika mara mbili njiani, msimwambie kuwa ni umri. Mpelekeni akasikilizwe kifua. Daktari akisikia mvumo, atampeleka kwenye mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo haina maumivu. Tunayo Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1988.

Hakuna dawa ya kunywa iwezayo kuufungua mlango uliobana. Tiba yake ni kuwekewa mwingine. Tangu mwaka 1960 kazi hiyo imefanywa kwa kupasua kifua. Tarehe 16 Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, Dk. Alain Cribier aliupitisha mlango mpya kwa mara ya kwanza katika mshipa wa paja, bila kupasua kifua.

Wengine huogopa kwa kuwa milango mingine hutengenezwa kwa viungo vya nguruwe. Ndugu, ipo ya ng'ombe, na ipo ya madini, ingawa mwenye ya madini hula dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Mwulizeni daktari mapema, na mwulizeni Sheikh pia, lakini hofu hiyo isimzuie mtu kutibiwa. Mtume wetu ametuamrisha kujitibu.

Naomba Chama kiweke kila mwaka siku moja ya wazee kusikilizwa vifua, na kila mzazi asidharau koo la mwanawe. Gharama ya kupasuliwa ni kubwa. Ya kusikilizwa kifua ni ndogo sana.

Mwenyezi Mungu atupe afya na mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.