Simu ya Daktari Ilipokatika Nchini Rwanda

Mwezi Agosti mwaka 2023 kampuni ya Uingereza iitwayo Babylon ilifilisika. Habari hiyo iliandikwa zaidi katika kurasa za biashara, baina ya bei za hisa na bei za mafuta, na kwa wasomaji wengi wa Ulaya na Marekani iliishia hapo. Kwa majirani zetu wa Rwanda haikuwa habari ya biashara. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa mama wa Babyl, huduma ambayo Wanyarwanda zaidi ya milioni 2 walikuwa wamejiandikisha kwayo ili wapate kuonana na daktari kwa njia ya simu. Mama alipokufa, mtoto hakudumu. Mwaka huo huo huduma ikafungwa.

Ndugu msikilizaji, mgonjwa wa Rwanda hamwendei daktari kama apendavyo. Amewekewa ngazi, naye hana budi kuipanda kwa utaratibu. Chini kabisa yupo mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye wenyewe humwita mshauri wa afya. Huyu huchaguliwa na majirani zake. Kutoka kwake mgonjwa huenda kituo cha afya, ambako kwa kawaida humkuta muuguzi, si daktari. Daktari yuko hospitali ya wilaya, na bingwa yuko mbali zaidi, katika hospitali za rufaa kama ile ya Chuo Kikuu mjini Kigali. Mlinzi wa ngazi hiyo ni bima ya afya ya jamii, maarufu kwa jina la mutuelle. Kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2011, wananchi walio wengi walipangiwa kuchangia faranga 3,000 kila mtu kwa mwaka. Mwanachama alipofika kituoni alilipa faranga 200 tu, na hospitalini asilimia 10 ya gharama. Lakini aliyeruka ngazi bila barua ya rufaa, na hali yake haikuwa ya dharura, hakulipiwa na bima.

Mpango huo una busara yake. Nchi yenye madaktari wachache haiwezi kumweka bingwa wa moyo akatibu mafua. Hata hivyo gharama ya ngazi haihesabiwi kwa faranga peke yake. Mama mwenye mtoto mgongoni, akaaye juu ya kilima, huondoka alfajiri ili awahi foleni ya kituo; muuguzi akimwandikia barua, safari ya hospitali ya wilaya huenda ikawa ni ya kesho yake. Siku mbili za jembe zimekwisha, na nauli juu yake. Wengi hufanya hesabu hiyo kabla ya kutoka nyumbani, wakaamua kungoja. Aghalabu ugonjwa wenyewe haungoji.

Hapo ndipo Babyl ilipopata nafasi. Ilianza kazi mwaka 2016, na haikumtaka mtu awe na simu ya thamani. Mgonjwa alibonyeza namba fupi katika simu yake ndogo, akajiandikisha kwa namba ya kitambulisho chake cha taifa, akaomba miadi. Muuguzi alimpigia na kumhoji. Ikionekana lazima, alimpeleka kwa daktari aliyekuwa kwenye simu nyingine. Baada ya mazungumzo uliingia ujumbe wenye namba za siri, ambazo mgonjwa alizionyesha katika duka la dawa au maabara, akahudumiwa. Mwezi Machi mwaka 2020 serikali ya Rwanda ilitia saini na kampuni hiyo mkataba wa miaka 10, na huduma ikaunganishwa na mutuelle. Mwezi huo huo ugonjwa wa Covid-19 uliingia nchini, watu wakaamriwa kukaa majumbani, na simu ikawa mlango pekee kwa wagonjwa wengi.

Haifai kuibeza huduma hiyo. Mkulima kupewa saa yake maalumu ya kusikilizwa na daktari, sawasawa na anavyopewa mkubwa wa ofisini, ni jambo la heshima, na ni haki ambayo katika nchi zetu hupatikana kwa nadra. Ni kweli kwamba simu haiwezi kubonyeza tumbo wala kusikiliza kifua, na mwenye homa kali hakuwa na budi kupelekwa kituoni. Lakini aliyepelekwa na simu alijua aendako na sababu ya kwenda.

Kasoro haikuwa katika simu. Mwezi Oktoba mwaka 2021 hisa za Babylon ziliingizwa katika soko la New York, na kampuni ikathaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni 4. Haikutimia miaka miwili thamani hiyo ikayeyuka, na shughuli zake za Uingereza zikauzwa kwa pauni kama 500,000. Mkataba wa miaka 10 wa Kigali haukutimiza minne. Hapana mgonjwa hata mmoja wa Huye au wa Nyagatare aliyeulizwa neno katika uamuzi huo, kwani mizani iliyotumika ilipima faida ya wenye hisa, na foleni ya kituo cha afya haikuwamo katika mizani hiyo.

Rwanda ilikwisha kuwa na simu nyingine kabla ya hiyo. Mwaka 2009, wilayani Musanze, washauri wa afya walianza kutumia ujumbe mfupi kuandikisha wajawazito na kuomba msaada kituoni pale palipotokea hatari. Baadaye mpango huo ulienea nchi nzima. Haukuwa na hisa New York. Nyuma yake palikuwa na washauri zaidi ya 45,000, watu wanaopima malaria mlangoni pa jirani na kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa ili kujua kama ana nimonia. Babyl ilipofungwa, watu hao hawakufungwa nayo. Tena mwaka huo huo wa 2023 Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika muda wa miaka minne, kwa kuwa simu bila daktari wa kuipokea ni mlio mtupu.

Sisi Watanzania tunayo ngazi yetu, tangu zahanati hadi Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na wananchi wetu huiruka kwa sababu wanazozijua vizuri: dawa zimekwisha, mganga hayupo, kipimo hakipo. Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, swali la nani amwone nani, wapi na kwa barua gani limekuwa letu pia. Wenye kampuni za simu za matibabu watakuja, kama walivyokwenda Kigali, na wengine watakuja na kitu chema mikononi. Mkataba utakapowekwa mezani, yaandikwe ndani yake majina ya watakaozishika kumbukumbu za wagonjwa siku mwenye kampuni atakapofunga milango, na namba ambayo mwenye miadi ya kesho yake asubuhi ataipiga.