Fungu Sawa kwa Mkubwa na Mdogo

Hotuba ya Katibu katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya ujirani, kwa kuwa kesho mkutano utajadili barua ya vyama vikuu viwili vya jirani, vinavyotaka tujenge pamoja navyo ghala moja la mahindi. Wenzetu hao wanapendekeza kura zihesabiwe kwa tani za mazao. Nami nimechagua mfano wa mbali, kusudi asiwepo wa kudhani kwamba nasema juu ya chama chake.

Mfano wenyewe ni wa nchi nne za Ulaya ya Kati: Polandi, Hungaria, Ucheki na Slovakia. Zote zilitawaliwa na vyama vya kikomunisti kwa miaka kama arobaini, mpaka mwaka wa 1989. Zamani hizo neno "ushirika" liliharibika sana kwao. Katika Hungaria na Chekoslovakia mkulima alishurutishwa kutia shamba lake na mifugo yake katika ushirika uliosimamiwa na serikali. Wapolandi walishindana na jambo hilo, na baada ya mwaka wa 1956 sehemu kubwa ya ardhi yao ilibaki mikononi mwa wenyewe. Wazee waliomo humu hawatastaajabu. Nasi pia, mwaka wa 1976, vyama vikuu vyetu vilivunjwa kwa amri, kazi yake wakapewa mamlaka za mazao, na njia ya kuvirudisha haikufunguliwa mpaka sheria ya mwaka wa 1982.

Basi, tarehe 15 Februari 1991, Rais Václav Havel wa Chekoslovakia, Rais Lech Wałęsa wa Polandi na Waziri Mkuu József Antall wa Hungaria walikutana Visegrád, mji mdogo kando ya mto Danube, ambako wafalme watatu wa nchi hizo walikutana katika mwaka wa 1335. Wakaahidiana kusaidiana njiani kuelekea Ulaya ya Magharibi. Mwaka wa 1993 Chekoslovakia iligawanyika kwa amani, na watatu wakawa wanne. Tarehe 1 Mei 2004 wote wanne waliingia katika Umoja wa Ulaya siku moja.

Msidhani kwamba walikuwa wakipendana. Hungaria na Slovakia ziligombea bwawa la Gabčíkovo hata zikafikishana mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyotoa hukumu mwaka wa 1997. Daraja la kati ya Esztergom na Štúrovo, lililovunjwa vitani mwaka wa 1944, halikufunguliwa tena mpaka mwaka wa 2001. Miaka 57 watu wa ng'ambo hii walitazamana na watu wa ng'ambo ile!

Walilolifanya vema, kwa maoni yangu, ni jambo dogo. Mwaka wa 2000 walianzisha mfuko, ofisi yake iko Bratislava, wa kusaidia shule, wanafunzi na kazi za pamoja za mipakani. Polandi ina watu zaidi ya milioni 36. Slovakia haifiki milioni 6. Hata hivyo kila nchi hutia fungu lililo sawa na la mwenzake, na uenyekiti wa kundi huzunguka kila mwaka. Mdogo huumia kidogo kulipa sawa na mkubwa, hilo sikatai. Lakini akisha lipa, hakuna awezaye kumwambia anyamaze.

Jaribu kubwa lilikuja baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka wa 2022. Polandi na Ucheki zilipeleka silaha kuisaidia Ukraine, Hungaria ilikataa. Kisha ngano na mahindi ya Ukraine, yaliyofungiwa njia ya bahari, yakapita kwa nchi kavu na kujaa katika maghala ya jirani, na bei ikaanguka. Mwezi wa Aprili 2023 Polandi, Hungaria na Slovakia zilipiga marufuku nafaka hiyo. Ucheki haikufanya hivyo. Mimi simlaumu mkulima wa Polandi. Aliyeona gunia lake likikosa mnunuzi hatasikia hotuba ya udugu. Ninaloona ni kwamba hawakuwa wamekubaliana mapema nini kifanyike bei ikianguka, kwa hiyo kila serikali ilishika njia yake, na Umoja wa Ulaya ukalalamika. Ugomvi wao ulikuwa mkubwa, wala mfuko wa Bratislava haukufungwa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo Halmashauri itashauri kesho kwamba ghala lijengwe, kila chama kitoe fungu sawa na kiwe na kura moja, na ushuru wa kuhifadhi ndio ulipwe kwa tani. Kifungu cha 7 cha masharti kinasema ghala litapokea mahindi ya nani kwanza katika mwaka wa mavuno mengi. Nakala zitagawiwa mlangoni jioni hii, nawaomba wajumbe wakisome kifungu hicho kabla ya kulala.